"Nayo" ya Nairobi na "ermee" ya Uholanzi

Juzi nikisahihisha insha za mwaka wa kwanza, nilikutana tena na "kitabu nilichokuja nayo". Kalamu nyekundu ikafanya kazi yake: nacho! Lakini mkono ulisita kidogo, kwa sababu nilikumbuka Kiholanzi.

Mholanzi akitaja mtu anayezungumza naye husema "met hem". Akitaja kalamu anayoandika nayo, kwa kawaida hasemi "met het". Husema "ermee". Hiyo "er" ina asili ya kielezi cha mahali, jamaa ya "daar" (huko), "hier" (hapa) na "waar" (wapi). "Mee" nayo ni mabaki ya "mede", umbo kongwe. Kwa hiyo "daarmee" ni kama kusema "huko-na", iwe kalamu, kisu au gari. Nomino za Kiholanzi zina jinsia, ila hapa jinsia haiulizwi. Swali ni moja tu: ni mtu au kitu?

Mtindo huu ni wa kale katika ukoo mzima. Wajerumani wana "damit". Biblia ya King James ya 1611 imejaa "thereof". Leo neno hilo limejificha kwenye hati za mawakili, hata hapa Kenya. Kiafrikana nacho, mtoto wa Kiholanzi kilichofika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652, kilipoteza jinsia za nomino kabisa, lakini "daarmee" hakikuiacha.

Hebu sasa watazame wanafunzi wangu. "Nayo" yao ni ya kitabu, ya gari, ya maji, hata ya viatu. Kwa mtu hawakosei: naye. Ngeli zimeyeyuka, mpaka wa mtu na kitu umebaki. Mholanzi aliazima mahali. Hawa wameazima ngeli ya I-ZI.

Na kule pia kuna kalamu nyekundu. Kanuni yataka "de man met wie ik praat", mtu ninayezungumza naye. Mitaani wengi husema "de man waarmee ik praat", mtu akageuzwa kitu! Wasahihishaji hulalamika, watu huendelea.

Sisemi ati "nilichokuja nayo" ni sahihi. Kwenye mtihani nitakata alama. Ila nimeacha kuiita uvivu. Mwenye insha alikuja kuniuliza mbona gari liwe "nalo" ilhali kwao kila mtu husema "nayo". Nilimwonyesha jedwali la ngeli. Hakuridhika, na kusema kweli, hata mimi sikuridhika.