Kichocho katika Bonde la Kilombero

Kichocho ni ugonjwa unaoletwa na minyoo bapa wa jenasi ya Schistosoma, ambao huishi ndani ya mishipa ya damu ya binadamu. Katika eneo la Ifakara, mji wa Bonde la Kilombero nchini Tanzania, aliyechunguzwa zaidi ni Schistosoma haematobium, anayeleta kichocho cha mkojo. Spishi hiyo iligunduliwa Kairo mwaka 1851 na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz.

Maisha ya mnyoo

Mnyoo mpevu ana urefu wa sentimita moja hivi. Minyoo bapa wengi wana jinsia zote mbili katika mwili mmoja. Lakini Schistosoma ana dume na jike walio tofauti, na jike hukaa katika mfereji wa mwili wa dume. Jozi hiyo huweza kuishi miaka kadhaa kwenye mishipa inayozunguka kibofu. Mayai hutoka na mkojo, huanguliwa majini, na lava humwingia konokono, hasa Bulinus globosus. Baada ya wiki kadhaa konokono hutoa lava wenye mkia wa panda, ambao hupenya ngozi ya mtu aliye majini.

Mazingira

Mito ya milima ya Udzungwa, ukiwemo Mngeta, hushuka kwenye mabwawa na majaruba ya mpunga. Konokono hustawi katika maji yaliyotulia yenye majani.

Utambuzi

Dalili kuu ni damu kwenye mkojo, hasa matone ya mwisho. Mkojo hukusanywa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati mayai yanapotoka kwa wingi. Mililita 10 huchujwa na kichujio kukaguliwa kwa hadubini. Yai la S. haematobium lina mwiba nchani; la spishi nyingine, S. mansoni, linalopatikana kwenye kinyesi, lina mwiba ubavuni.

Maabara iliyoanzishwa Ifakara mwaka 1957 na Mswisi Rudolf Geigy, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, imechangia sana elimu hii. Katika wilaya jirani ya Kilosa, watafiti walithibitisha njia nafuu ya kupigiwa mfano: walimu waliwahoji wanafunzi kuhusu kichocho, na majibu yakaonyesha shule zenye hatari kubwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1991.

Uondoaji

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kwa dozi moja. Huvuruga kalsiamu mwilini mwa mnyoo, misuli yake hukakamaa na ngozi yake huharibika. Hata hivyo haiui minyoo wachanga, wala haizuii maambukizi mapya: mtoto aliyetibiwa akirudi kwenye bwawa lilelile huambukizwa tena. Niklosamaidi huua konokono, lakini hudhuru samaki pia. Kinga ya kudumu ni vyoo na maji safi.

Hali ya sasa

Dawa hugawiwa shuleni. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kinga-tiba kuanzia umri wa miaka 2.