Maji ya Kuingia

Mwaka 1854 Mmarekani Henry David Thoreau alichapisha Walden, na ziwa dogo la Massachusetts likawa kioo: mtu huinama ukingoni ajitazame nafsi. Chini ya Mlima Elgon, maji yaliyotulia yalipewa kazi nyingine. Huku watu hawakuyatazama tu, waliyaingia.

Bungoma, Agosti ya kila mwaka unaogawika kwa mbili ni msimu wa tohara ya Wabukusu. Wazee husimulia habari za Mango, aliyeenda pangoni kulivizia joka Yabebe lililokuwa likiua watu, akaliua, kisha akatahiriwa. Tangu hapo kijana hufuata nyayo zake. Huzunguka kwa jamaa akipiga chinyimba, njuga za chuma, kuwaalika. Alfajiri ya siku yenyewe hupelekwa sitosi, mahali pa matope kando ya mto au kinamasi. Huvuliwa nguo, huoga maji ya baridi kali, hupakwa matope mwilini. Hurudi nyumbani katikati ya wimbo wa sioyaye, na mbele ya ngariba husimama wima, asipepese jicho. Utulivu ule ameutoa majini.

Kaskazini, Kitale ilifikiwa na reli mwaka 1926, na mashamba ya mahindi yakaenea Trans Nzoia. Katikati ya mashamba hayo kilibaki kinamasi cha Saiwa, na ndani yake nzohe, swala mwenye kwato ndefu zinazotanuka asizame matopeni. Akihisi hatari hujitosa majini, akaacha pua tu juu, akatulia hadi adui apite. Kwa ajili yake Saiwa ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1974, ndogo kuliko zote Kenya: kama kilomita 3 za mraba. Mgeni huingia kwa miguu, akapita juu ya mbao, akapanda jukwaa na kungoja kimya.

Kijana na nzohe wanatufundisha jambo moja. Maji yaliyotulia si maji yasiyo na kazi. Kinamasi hupokea mvua, huchuja udongo, huachilia maji kidogo kidogo. Humficha mnyama, humkomaza mtoto. Anayekikausha apate mistari michache ya mahindi hajaondoa tope tu. Amebomoa mlango ambao vizazi viliupitia.