Flora Danica: sahani za kaure zilizotoka kwenye kitabu cha mimea

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa kaure ni nini. Nyumba za kale za Lamu zina zidaka zilizopambwa kwa sahani na mabakuli, na kaburi la mnara la Mambrui lilipachikwa mabakuli ya Kichina. Makaburi mengine yamebakiwa na mashimo tu, mabakuli yalishang'olewa. Maua ya vyombo vile mara nyingi ni ya pambo. Yanapendeza macho, lakini si rahisi kwenda nayo shambani ukautambua mmea wenyewe.

Kule Denmark palitengenezwa kaure ya namna nyengine. Mwaka 1761 mtaalamu wa mimea Georg Christian Oeder alianza kutoa Flora Danica, kitabu kilichokusudiwa kuonyesha kila mmea uotao wenyewe katika himaya ya mfalme wa Denmark, ambayo siku hizo ilijumuisha Norway na Iceland. Picha zilichongwa kwenye bamba za shaba, zikapigwa chapa, na nakala nyengine zikatiwa rangi kwa mkono. Kazi ilikwisha 1883, bamba zikiwa zaidi ya 3,000. Oeder alikuwa keshakufa zamani.

Kitabu kikiwa bado kinaendelea, mwaka 1790 kiwanda cha kaure cha kifalme cha Copenhagen kiliagizwa kitengeneze vyombo vya mezani vyenye picha hizo. Inasemekana vilikuwa zawadi ya Catherine, malkia wa Urusi, ambaye alifariki 1796 kabla havijakwisha. Msimamizi wa kiwanda, Theodor Holmskjold, alikuwa daktari mpenzi wa uyoga. Mchoraji aliyekabidhiwa kazi, Johann Christoph Bayer, ndiye aliyemchorea picha za kitabu chake cha uyoga.

Bayer hakuiremba mimea. Aliichora kama ilivyo kitabuni, na mizizi yake na mbegu zake. Mmea ukiwa mrefu kuliko sahani, shina lilikatwa na kipande cha pili kikawekwa ubavuni. Wala hakuchagua waridi pekee: nyasi za kawaida nazo zilipata sahani zao, zikazungushiwa ukingo wa dhahabu. Nyuma ya kila chombo liliandikwa jina la mmea kwa Kilatini, hivyo mgeni akimaliza kula aliweza kupindua sahani akasoma alikuwa akilia juu ya nini. (Fundi wa kwetu anayetaka kuchora kilua au asumini kwenye sahani, naona aanze na ua lenyewe mkononi, asianze na picha ya simu.)

Kazi yenyewe ni ngumu. Rangi hupakwa juu ya kaure iliyokwisha kung'arishwa, kisha chombo hurudishwa tanuuni, na rangi hugeuka motoni. Bayer alichora sehemu kubwa ya vyombo kwa mkono wake kwa miaka 12, macho yake yakaharibika. Kazi iliposimamishwa 1802, vilikuwa vimefika 1,802. Viliandaliwa mara ya kwanza Januari 1803, siku ya kuzaliwa mfalme Christian VII.

Vipatavyo 1,500 vimesalia, vingine vikiwa katika kasri la Rosenborg mjini Copenhagen. Mwaka 1863 kiwanda kilirudia mtindo huo kwa ajili ya harusi ya binti mfalme Alexandra na mrithi wa ufalme wa Uingereza, na hadi leo vyombo vya Flora Danica vingali vinachorwa kwa mkono, jina la mmea likiwa nyuma.