Bonsai kwa anayeanza: mche wa mbuyu unaong'olewa usingizini

Bonsai ni mti wa kawaida unaokuzwa ndani ya chombo kifupi, ukapogolewa mizizi na matawi mwaka hadi mwaka mpaka ufanane na mti mzee wa porini, huku kimo chake kikibaki kifupi. Hakuna mbegu ya pekee ya bonsai, wala mti haupigwi dawa ya kudumaza. Jina ni la Kijapani na maana yake ni kupandwa kwenye sinia. Kazi yenyewe ilianza China, ikakuzwa Japani. Mti unaotunzwa hivi unaweza kuishi kuliko anayeutunza: uko msonobari mmoja mjini Washington, Marekani, ulioanza kulelewa mwaka 1625. Ulikuwa kwenye uwanja wa familia ya Yamaki pale Hiroshima bomu la atomiki lilipoangushwa mwaka 1945, ukapona, na mwaka 1976 ukatolewa zawadi kwa Wamarekani.

Msikilizaji wa Mhunze au Maganzo anayetafuta habari za bonsai kwenye simu yake hukutana haraka na ushauri wa watu wa Ulaya: anza na lachi, nunua miche ya mizizi wazi. Lachi ni mti wa nchi za baridi, wa jamii ya msonobari, lakini tofauti na misonobari mingi, huo hupukutisha majani yake yote baridi inapoingia. Mche wa mizizi wazi ni ule unaong'olewa kitaluni na kuuzwa bila kiriba wala udongo, mizizi ikiwa mitupu. Uingereza miche hiyo huuzwa kwa mafungu kati ya Novemba na Machi na bei yake ni ndogo, ndiyo maana mwanafunzi hushauriwa kuanza nayo: ikifa miwili, mitatu inabaki.

Ushauri huo ni mzuri kwa mahali pake. Hapa Kishapu lachi haitaishi. Mti ule unahitaji miezi ya baridi kali kila mwaka ili ulale, upumzike, kisha uamke, na baridi ya namna hiyo sisi hatuna. Anayeagiza mbegu zake kutoka nje anatupa fedha.

Lakini kuna jambo moja la kujifunza kwa wenzetu hao. Mti wa lachi hung'olewa bila udongo kwa sababu umelala. Hauna majani, kwa hiyo haupotezi maji, na mizizi yake haina kazi kubwa ya kufanya. Ung'oe ukiwa na majani mabichi, utakufa baada ya siku chache. Nasi tunayo miti inayolala, ila usingizi wake ni wa kiangazi. Kuanzia Juni hivi hadi mvua za Novemba zinapokaribia, mibuyu, ng'wandu kwa Kisukuma, husimama mitupu kana kwamba imekufa. Hiyo ndiyo lachi yetu, na pengine ni bora kuliko lachi, kwa sababu mche wa mbuyu huweka maji na chakula chake ndani ya mzizi mnene kama karoti. Mbuyu ukifika kimo cha paja tayari una shina lililovimba chini, na hicho ndicho wapenda bonsai wa kwingine hukisubiri kwa miaka mingi.

Hapa ndipo wengi hukosea

Lachi na mbuyu hung'olewa kwa namna moja, lakini baada ya hapo hutunzwa kwa namna mbili zinazopingana.

Mizizi ya lachi ni nyuzi nyembamba. Ikipigwa na jua na upepo kwa dakika chache tu, nyuzi hizo hukauka na mche umekwisha, hata kama shina bado linaonekana zima. Kwa hiyo Wazungu hufunga miche yao kwenye gunia bichi na kuipanda siku hiyo hiyo, kisha humwagia maji mengi. Miti mingi tunayoifahamu hapa, kama mwarobaini na mkwaju, ina mizizi ya aina hiyo, ndiyo maana tunaioteshea kwenye viriba. Hata mjohoro na mtiki, ambayo wataalamu wa misitu huisafirisha kama visiki visivyo na udongo, mizizi yake hufunikwa isikauke njiani.

Mzizi wa mbuyu una kiu ndogo na adui yake ni maji. Ukiukata leo na kuupanda leo kwenye udongo mbichi, kidonda kitaoza, kuoza kutapanda kwenye shina, na mtu atakuja kugundua wiki ya tatu anapoligusa shina na kukuta limekuwa laini kama papai bovu. Kidonda lazima kikauke kwanza. Mtu anayefuata maelekezo ya lachi neno kwa neno akiwa na mbuyu mkononi ataua miche yote, na atadhani ameiua kwa kuinyima maji.

Mbegu na kitalu

Tafuta mbegu kutoka kwenye buyu kavu lililoanguka. Ubuyu mtamu wa dukani haufai, kwani umepikwa na sukari na mbegu zake zimekufa. Osha unga wote, kisha mwagia mbegu maji yaliyochemka na uziache humo mpaka kesho yake. Ganda la mbegu ya mbuyu ni gumu, na bila hivyo baadhi zitakaa ardhini hata mwaka mzima bila kuota. Zinazoelea baada ya kulowekwa kwa kawaida ni mbovu.

Panda mvua za kwanza zikianza, Novemba. Chagua udongo wa kichanga, ule tunaouita luseni. Udongo mweusi wa mbuga hushika maji na ukikauka hupasuka, ukivunja mizizi. Kabla ya kupanda, chimba kiasi cha sentimita 15, tandika vigae au kipande cha bati kuukuu, kisha rudishia udongo. Mzizi mkuu ukifika hapo hauwezi kushuka tena, utatambaa pembeni na kutoa matawi. Bonsai inahitaji mizizi iliyotandazwa kama vidole vya mguu. Mzizi mmoja mrefu unaozama chini hauingii kwenye sinia.

Usishangae majani ya kwanza yakiwa mamoja mamoja. Majani yenye sura ya vidole vya mkono huja baadaye, na kuna watu wameing'oa miche yao wakidhani wameuziwa mbegu nyingine.

Zungushia kitalu miiba. Mbuzi na ng'ombe hupenda mche wa mbuyu, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuona mibuyu mikubwa mashambani na kukosa midogo.

Siku ya kung'oa

Majani yakianza kuwa ya njano, acha kumwagilia kabisa. Subiri. Wakati mzuri ni mwishoni mwa Septemba hadi Oktoba, mti ukiwa bado umelala lakini ukiwa karibu kuamka, kwa sababu kidonda hakitakaa muda mrefu kabla mizizi mipya haijaanza. Ukikuta vichipukizi vya kijani vimekwisha fungua majani, umechelewa. Uache mpaka mwaka ujao.

Chimba kwa kuzunguka, usivute. Kung'uta udongo wote. Kwa kisu kikali kilichopitishwa motoni na kupoa, kata mzizi mkuu ukibakiza kama sentimita 10, na uiache mizizi ya pembeni yenye afya. Paka majivu makavu au unga wa mkaa kwenye kidonda. Halafu laza miche kivulini, mahali penye hewa, juu ya gunia kavu, siku 7 hadi 10, mpaka sehemu iliyokatwa iwe ngumu na kavu unapoigusa. Ukitaka kumpelekea ndugu yako Kahama au Geita, huu ndio muda wa kusafirisha: mche unakwenda ndani ya mfuko wa karatasi kama kiazi.

Kwamba jamii hii ya miti huvumilia kuhamishwa si jambo la miche tu. Australia wana mbuyu wa aina yao. Mwaka 2008 mbuyu mmoja wa tani 36 ulipakiwa kwenye lori, ukasafirishwa zaidi ya kilomita 3,000 na kupandwa kwenye bustani mjini Perth.

Chombo na udongo wake

Kwa mwaka wa kwanza usihangaike na sinia la udongo wa kuchoma. Beseni la plastiki lililopasuka ukingo, au ndoo iliyokatwa, vinatosha, mradi chini kuna matundu manne au matano ya ukubwa wa kidole. Funika matundu kwa kipande cha chandarua.

Mchanganyiko uwe wa kupitisha maji upesi: sehemu mbili za mchanga mkubwa wa mtoni, sehemu moja ya matofali ya kuchoma yaliyopondwa na kuchekechwa vumbi, na sehemu moja ya udongo wenye samadi ya zamani iliyooza kabisa. Kwa wasikilizaji wa maeneo ya dhahabu, tahadhari moja: msitumie marudio, ule mchanga uliokwisha oshwa au kuchenjuliwa. Unavutia kwa kuwa ni safi na upo tele, lakini unaweza kuwa na zebaki au sayanaidi, na watoto watauchezea.

Panda mche ukiwa mkavu kwenye udongo mkavu. Kwa kuwa hauna mizizi ya kuushika, ufunge kwa kamba au waya unaopita kwenye matundu ya chini, usitikisike, kwani mtikisiko hukata mizizi mipya inayoanza. Usimwagilie mpaka uone macho ya mti yameanza kuvimba. Hapo anza kidogo. Mvua kubwa zikianza kabla mche haujachipua, sogeza chombo upenuni.

Majani yakikomaa unaweza kumwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha acha mpaka udongo ukauke kina cha pingili moja ya kidole. Maji ya kufulia yenye sabuni hayafai. Chombo kikae juani, juu ya mawe matatu au meza, mchwa wasiingie kupitia matundu. Kiangazi kikirudi na majani yakidondoka, maji yakome. Kwenye wilaya yenye shida ya maji kama yetu, mmea usiodai ndoo wakati wa kiu ni wa kushukuru.

Mwaka wa kwanza usiukate

Hili ndilo gumu kuliko yote kwa anayeanza. Mtu akishapanda anataka kuona bonsai, anashika mkasi, anafunga waya. Mche uliotoka kupoteza mizizi unahitaji kila jani ulilonalo ili kutengeneza mingine. Mwache mwaka mzima ajilishe. Mwaka wa pili, mti ukiwa umelala, unaweza kulikata shina kwa kimo unachokitaka, nalo litachipua chini ya mkato. Ila ujue kwamba shina hunenepa kwa majani mengi. Ukikata mapema utabaki na kijiti. Anayetaka shina nene upesi airudishe baadhi ya miche kitaluni misimu miwili zaidi. Waya wa shaba unaweza kupinda tawi, lakini gome la mbuyu ni laini na alama hubaki, hivyo mkasi ni bora kuliko waya. Baada ya miaka 2 hadi 3, ng'oa tena kiangazi, punguza mizizi, badilisha udongo.

Anayefikiria biashara ahesabu miaka 3 hadi 5 kabla ya kuwa na mti wa kuonyesha mnunuzi. Kwa hiyo anza na miche ishirini, usianze na miwili.

Wapo watakaoona njia ya mkato: kwenda porini kuchimba mbuyu ambao tayari ni mnene. Shinyanga inajua thamani ya miti iliyoachwa ardhini. Kupitia mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, wakulima na wafugaji walirudisha ngitili kwenye zaidi ya hekta 300,000, na ngitili hizo zina wenyewe na sheria ndogo za vijiji. Kwenye misitu ya hifadhi, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali. Jirani zetu wa Kenya waliona mwaka 2022 jinsi mibuyu mikubwa ya Kilifi ilivyong'olewa ili ipelekwe Georgia, kelele zikawa kubwa mpaka Rais Ruto akaagiza uchunguzi.

Swali ambalo huenda utaulizwa nyumbani ni kama inafaa kuweka mbuyu barazani, kwa kuwa wazee wengine huuhusisha mti huo na mizimu na hawapendi uwe karibu na nyumba. Zungumza nao kabla ya kupanda. Mzee akikataa kata, ukwaju wa kwenye kiriba nao hutoa bonsai nzuri yenye majani madogo. Huo lakini usiung'oe mizizi wazi, uhamishe na udongo wake.

Miche itakayozidi mahitaji yako ya vyombo, ipeleke shambani mvua zikishika, kila mmoja na miiba yake.