Jinsi Joto la Ng'ombe wa Maziwa Lilivyopata Kupimwa

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, wengine wameandika humu habari za majengo, za magari na za hesabu. Mimi nimeombwa niandike historia, nami nimechagua historia ya jambo lililotugombanisha mara nyingi kuliko bei ya maziwa, nalo ni joto. Wanachama wenzangu wa pwani mwajua: kila mwaka, tangu Januari hata Machi, maziwa hupungua vituoni, na penye upungufu hapakosi shutuma. Karani husema fulani auza maziwa kwa wachuuzi. Fulani naye hujibu kwamba ng'ombe wake wameshindwa na jua. Pasipo kipimo, nani atawaamua?

Waliotangulia kukitafuta kipimo hicho walianza na ng'ombe mwenyewe. Mwaka 1944 Albert Rhoad, aliyefanya kazi katika shamba la majaribio la Jeanerette, jimbo la Louisiana, Marekani, alieleza njia iliyo nyepesi mno. Ng'ombe huwekwa juani siku tatu zisizo na mawingu, na joto la miili yao hupimwa saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Hesabu huanzia digrii 101 za Farenhaiti, na kila digrii ipandayo hupunguza alama 10 katika 100. Ng'ombe aliyefika 103 hupewa alama 80. Ng'ombe wa nundu waliwashinda wale wa asili ya Ulaya, jambo ambalo wazee wetu wangalimwambia bila ya kipimajoto. Lakini neno la mzee haliwezi kuandikwa katika daftari na kulinganishwa na la mzee mwingine, na nambari yaweza.

Njia hiyo ilikuwa na udhia wake: hapana budi kumshika kila ng'ombe na kumpima. Kwa hiyo wataalamu waligeukia hewa. Katika Chuo Kikuu cha Missouri, Profesa Samuel Brody na wenzake walitumia vyumba ambamo joto na unyevu viliweza kuongozwa, wakawafungia humo ng'ombe, wakapima chakula, maji, pumzi na maziwa. Brody alifariki mwaka 1956, lakini kazi haikufa naye. Huko Uskoti, mwaka 1962, Bianca wa Taasisi ya Hannah alionyesha kwamba katika kumpandishia ng'ombe joto la mwili, kipimajoto kikavu kina uzito wa 35 katika 100, na kile chenye utambi uliolowa, ambacho hufuata unyevu wa hewa, kina 65. Sisi tuishio karibu na bahari yafaa tuikumbuke hesabu hiyo.

Kipimo kilichoenea hata leo hakikutungwa kwa ajili ya mifugo. Mwaka 1959 Earl Thom wa Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani aliunganisha joto na unyevu katika nambari moja, apate kujua jinsi watu wanavyotaabika. Kiliitwa kipimo cha taabu. Miji iliyoishi kwa wageni ikalichukia jina hilo, nalo likabadilishwa likawa kipimo cha joto na unyevu. Mwaka 1964 Berry, Shanklin na Johnson wa Missouri walikihamishia kwa ng'ombe wa maziwa, wakaonyesha jinsi maziwa yapunguavyo kadiri nambari ipandavyo. Baadaye 72 ikakubaliwa kuwa mpaka. Hewa ya digrii 25 za sentigredi yenye unyevu wa 50 katika 100 imekwisha kuukaribia. Digrii 30 na unyevu wa 75, hali isiyo ngeni kwetu, hutoa 82; digrii zizo hizo 30 katika nchi kavu yenye unyevu wa 30 hutoa 75 tu.

Je, nambari 72 ilitoka wapi? Ilitokana na ng'ombe 56 wa Missouri, waliotoa kwa wastani kilo 15.5 za maziwa kwa siku. Ng'ombe atoaye maziwa mengi hula sana, na chakula kikisagika tumboni huzaa joto. Ndiyo sababu mwaka 2009 Zimbelman, Collier na wenzao wa Arizona walisema kwamba kwa ng'ombe wapitao kilo 35 mpaka ushushwe uwe 68. Wako wanaotaka tuifuate nambari hiyo kwa kuwa ni mpya. Mimi naona kwamba kwa wingi wa maziwa ng'ombe wetu ni jamaa za wale wa Missouri, na nambari ya kale yatufaa zaidi.

Hata hivyo kipimo hicho hakilijui jua wala upepo. Buffington na wenzake wa Florida, mwaka 1981, walitia katika hesabu tufe jeusi lenye kipimajoto ndani, ambalo hulipokea jua kama alipokeavyo ng'ombe. Nambari iliyosomwa ofisini si ya ng'ombe aliyefungwa nje kwenye kigingi.

Liko jambo jingine, nalo latuhusu sisi makatibu na makarani. Mwaka 2003 West na wenzake wa Georgia walionyesha kwamba maziwa ya leo hufuata zaidi joto la siku mbili zilizopita kuliko la leo. Basi karani alinganishaye joto la leo na maziwa ya leo aweza kumshuku asiye na hatia, kwa siku ambayo hewa imekwisha kupoa.

Mwanachama asiye na chombo naye ana njia. Na asimame mbali kidogo, ashike saa, ahesabu ubavu wa ng'ombe aliyetulia kivulini unavyopanda na kushuka kwa dakika moja. Zikizidi pumzi 60, joto limemwelemea. Akihema mdomo wazi na ute ukimtoka, apewe maji na kumwagiwa maji mara moja.

Hoja ya kununua vipimajoto viwili kwa kila kituo, kikavu na chenye utambi, itasomwa katika mkutano mkuu wa mwaka huu. Pamoja nayo imo hoja ya kuongeza safu katika daftari la mapokezi, ili kando ya maziwa ya kila siku liandikwe joto la siku mbili kabla yake.