Fundi Waya na Geji ya Mafuta ya Land Rover

Gari la Land Rover, lililozinduliwa Amsterdam mwaka 1948, lilienea Tanganyika katika utumishi wa serikali ya kikoloni, na baada ya uhuru wa 1961 likabaki katika idara na mashirika ya umma. Vita vya Kagera vya 1978–1979 na ukosefu wa fedha za kigeni vilipofanya spea kuwa adimu, fundi waya, yaani fundi wa umeme wa magari, awe wa Temeke au Kinondoni, alilazimika kufufua kilichochakaa.

Floti ya tangi, ambayo ni boya lenye mkono unaoteleza juu ya waya wa ukinzani, huunganishwa na geji kwa waya wa kijani wenye mstari mweusi, na umeme hurudi betrini kupitia bati la tangi na chesesi. Kutu ikikata njia hiyo, inayoitwa ethi, geji huonyesha tupu hata tangi likijaa. Hewa ya chumvi ya pwani huharakisha kutu hiyo, ndiyo maana waya wa ziada kutoka floti hadi chesesi ni tiba ya busara kuliko kununua geji mpya. Geji ya mafuta na ya joto zikikosea pamoja, lawama huangukia kidhibiti kinachoshusha volti 12 hadi wastani wa 10.

Biashara ya nje ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, spea zilirudi sokoni. Lakini floti ya gari lingine, ukinzani wake usipolingana na geji, humdanganya dereva vilevile.