Skauti Wadogo na Wazazi Wao: Walikotoka

Kamati iliponiomba niandike katika toleo hili la kumbukumbu habari za kundi la skauti wadogo, baadhi ya majirani walicheka. Walikumbuka kwamba mwaka jana, jina la mwanangu lilipoandikwa shuleni, mimi ndimi niliyekwenda kulifuta. Sababu sitaificha. Mwaka 1996 vita ilipoingia Kivu ya Kusini nilikuwa na miaka 12, na wenzangu wa darasa moja walichukuliwa wakawa kadogo. Nao walianza kwa kupangwa mstari na kupigiwa filimbi. Basi nilipoona watoto wa darasa la pili wamefungwa skafu shingoni, wanapiga saluti, moyo ulinipasuka. Wazazi wengi wa kambi hii wana moyo huo, na ndugu zetu wa mashirika wanaodhani tunakataa kwa sababu hatukusoma wajue hivyo.

Baadaye nilianza kuuliza na kusoma: jambo hili lilitoka wapi?

Ni kweli kwamba mwanzilishi wake alikuwa mwanajeshi. Robert Baden-Powell aliongoza Waingereza waliozingirwa mjini Mafeking, Afrika Kusini, tangu 1899 hadi 1900, na humo wavulana walitumwa kupeleka ujumbe. Lakini mwezi wa Agosti 1907, alipokwenda na wavulana wapatao 20 kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza, hakuwapa bunduki. Walijifunza kufunga mafundo ya kamba, kupika nje, kufuata nyayo na kumhudumia aliyeumia. Uskauti ulikusudiwa vijana wa miaka 11 hivi na zaidi. Wadogo zao ndio walioleta matata, kwa maana hawakukubali kubaki nyumbani. Waliwafuata kaka zao mkutanoni kama vile wadogo wanavyofuata wakubwa mtoni hapa kwetu, hata ukiwafukuza. Mwaka 1914 ukawekwa mpango wa majaribio kwa ajili yao, na 1916 kikatoka kitabu chao. Mwanamke mmoja, Vera Barclay, ambaye tayari alikuwa akiongoza watoto hao, alisaidia sana katika kazi hiyo.

Baden-Powell hakutaka wawe skauti waliopunguzwa urefu. Aliwatafutia hadithi, akachukua ile ya Rudyard Kipling ya mwaka 1894, ya mtoto Mowgli aliyelelewa na mbwa mwitu. Ndiyo sababu kiongozi wao huitwa Akela, na sisi tuliosoma Kifaransa huwaita watoto hao louveteaux, yaani watoto wa mbwa mwitu. (Sisi kwetu mbwa mwitu hatumjui katika hadithi. Tungalichagua sungura, fisi asingalifaa.)

Jambo lililonigusa zaidi nililikuta Marekani. Huko, mpango wa watoto wadogo ulipoanzishwa rasmi mwaka 1930, uliwekwa karibu na nyumba ya mtoto. Watoto wachache wa mtaa mmoja walikutana nyumbani kwa mmoja wao, na mara nyingi mama wa nyumba ndiye aliyewaangalia. Mpaka leo mtoto wa chekechea au wa darasa la kwanza hawezi kuja peke yake. Huja na mzazi au mtu mzima wa familia, nao hufanya kazi zote pamoja. Wasichana walianza kukubaliwa katika mpango huo mwaka 2018.

Wengine watasema hayo ni mambo ya watu wenye nyumba na bustani. Nami nilisema hivyo. Lakini hapa hapa Afrika ya Mashariki walikuwako wakimbizi waliofanya jambo hilo kabla yetu, nao walikuwa Wazungu. Mwaka 1940 na 1941 Wapoland wengi walihamishwa kwa nguvu na Wasovieti, wakapelekwa Siberia na Kazakhstan. Mwaka 1942 sehemu yao walipita Iran, na maelfu kwa maelfu, wengi wao wanawake na watoto, wakaletwa Afrika. Makambi yao yalikuwa Tengeru karibu na Arusha, Ifunda, Kidugala, Kondoa, na kule Uganda Masindi na Koja. Tengeru ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, ikiwa na watu wapatao 5,000. Walijenga shule na kanisa, na watoto wakawa na makundi ya skauti. Wale wadogo waliitwa zuchy, neno lenye maana ya watoto hodari, na desturi yao ilikuwa kujifunza kwa michezo zaidi ya gwaride. Baba wengi walikuwa vitani au wamekufa. Baada ya vita wengi hawakuweza kurudi kwao, na mwaka 1949 yatima zaidi ya 100 wa Tengeru walipelekwa Canada. Makaburi ya wenzao waliobaki yako pale mpaka leo.

Kadogo alichukuliwa ili asimwone mama yake tena. Hiyo ndiyo tofauti niliyokuwa naitafuta, nami niliwaambia viongozi wa kundi letu wazi kabisa: mkutano ambao mzazi hawezi kuketi na kutazama, mwanangu hatakwenda. Walikubali. Tangu wakati huo wazazi huleta viti vyao chini ya mwembe ulio nyuma ya shule kila Jumamosi, na mama mmoja wa mtaa wetu ndiye anayefundisha watoto kusuka kamba za mkonge, kwa kuwa anawashinda viongozi. Kuhusu saluti bado tunabishana.

Jina la mwanangu nimelirudisha. Atakayetaka kuandikisha wake aje Jumamosi asubuhi, naye akae mpaka mwisho.